Je, karabai inaweza kuchaji simu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mvuvi wa dagaa, Ukerewe. Karabai yangu inawaka usiku kucha na joto lake halikaribiki. Nikiweka kipaneli cha sola kando yake, si nitachaji simu mlemle mtumbwini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeme utaupata, ila kiduchu. Nilipokuwa nafundisha fizikia, jioni moja umeme ulikatika, nikaweka kikokotoo cha sola kisicho na betri mbele ya karabai. Namba zikatokea, darasa zima likashangilia. Lakini simu haishibi kwa kiasi kile.

Tatizo ni aina ya mionzi. Silikoni ya kipaneli, ile inayogeuza mwanga kuwa umeme, hula mionzi yenye mawimbi mafupi, yasiyozidi nanomita 1,100 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kitu cha kawaida kikipashwa hadi nyuzi 1,200 za Selsiasi, sehemu kubwa ya mionzi yake huwa na mawimbi marefu kupita hapo. Hiyo hukipasha kipaneli moto tu, na kipaneli chenye moto hupunguza umeme.

Sasa utazame utambi wako, kile kifuko cheupe. Aliyeubuni ni Carl Auer von Welsbach wa Austria, na mwaka 1891 alipata mchanganyiko uliofana: oksaidi (metali iliyoungana na oksijeni) ya thoriamu asilimia 99, ya seriamu asilimia 1. Seriamu ni katika madini adimu ya ardhini. Mchanganyiko huo hubana mionzi ya joto na kuachia mwanga, ndiyo maana karabai inakipita kibatari mbali sana.

Wazo lako lina wakubwa zake. Mwaka 1956, katika chuo cha MIT huko Marekani, mtafiti Henry Kolm aliweka seli ya silikoni, yaani kipande kama vya kipaneli chako, kando ya taa ya namna hiyohiyo, na umeme ukatoka.

Seriamu ana ndugu yake, iterbiamu, na huyo ndiye angekufaa. Oksaidi yake ikiwa ya moto sana hutoa mionzi mingi karibu na nanomita 980, palepale silikoni inapokula. Elektroni zinazoitoa zimejificha ndani ya atomu, zimefunikwa na nyingine za nje, kwa hiyo atomu jirani hazizisumbui, na mionzi haitawanyiki mbali na hapo. Katika Taasisi ya Paul Scherrer, Uswisi, watafiti walitengeneza utambi wa iterbiamu wakauzungushia seli za silikoni. Walitaka mtambo wa gesi wa kupasha nyumba moto ujitengenezee umeme wake.

Unajua utambi ulioungua unavyovunjika ukiguswa. Wa iterbiamu nao ni dhaifu vilevile, na joto jingi bado hupotea na moshi. Kwa ziwani, bado.

Kipaneli usikisogeze kwenye karabai: kitaharibika, na mafuta ya taa yako hapo miguuni pako. Kitandaze mchana, dagaa wakiwa wanaanikwa, ujaze betri, usiku uchaji simu kwa hiyo. Na ukibadilisha utambi, usipulize majivu ya ule wa zamani. Huenda una thoriamu, nayo ni nururifu, yaani hutoa mionzi inayodhuru mwili. Vumbi lake lisiingie kifuani mwako.