Mtoto Hasameheshwi

Wiki iliyopita mama mmoja aliniandikia ujumbe usiku wa manane. Ameniruhusu niutaje bila kumtaja yeye. Binti yake yuko darasa la tatu katika shule ya masista. Muhula mzima sasa, wasichana watatu wanamfukuza mezani wakati wa chakula, wanamfichia viatu, wanamwita jina ambalo mama alishindwa hata kuliandika. Alipokwenda shuleni alipokelewa kwa heshima, akasikilizwa, kisha akaambiwa mtoto afundishwe kusamehe saba mara sabini, kama Yesu alivyomjibu Petro. "Mwalimu, shikamoo," ndivyo alivyoanza. "Naomba uniambie kama nakosea kukasirika. Mimi ni Mkatoliki, sitaki nionekane napingana na Injili."

Mama yangu, hukosei. Kama nilichukua siku tatu kukujibu, ni kwa sababu jibu ulilopewa wewe ndilo nililompa mama mwingine miaka mingi iliyopita, na nilimpa nikiwa na uhakika kabisa.

Nilikuwa mwalimu wa nidhamu katika shule ya msingi ya Kanisa. Kazi ile niliipenda, na niliamini naiweza kuliko wenzangu. Ugomvi uliowachukua wengine wiki nzima, mimi niliumaliza kabla kengele ya kipindi kinachofuata haijagongwa. Wazazi walinisifu kwa hilo, na sifa zao nilizichukua kama ushahidi kwamba watoto wako salama.

Mwaka huo tulikuwa na mvulana wa darasa la tano mwenye kigugumizi. Alipangiwa kusoma somo la kwanza kwenye Misa ya shule, akajiandaa wiki nzima, na siku ilipofika akakwama kwenye neno Wathesalonike. Alikwama mara nne mbele ya shule nzima. Kuanzia hapo hakuwa na jina lingine ila Wathe. Wathe-wathe-wathe kwenye mstari, Wathe-wathe-wathe chooni, na kwenye jalada la daftari lake kwa kalamu nyekundu. Baadaye madaftari yenyewe yakaanza kuokotwa kwenye maji machafu.

Aliyeongoza hayo yote alikuwa kiongozi wa watumikiaji altareni. Alikuwa mtoto hodari, wa pili darasani, anayeshika chetezo bila mkono kutetemeka. Hakuna mwalimu aliyemtilia shaka, mimi wa kwanza. Mama wa mwenye kigugumizi alipokuja na daftari lililolowa, niliwaita watoto wote wawili ofisini, nikawasimamisha chini ya msalaba, nikawauliza mbele ya kila mmoja nini kimetokea. Mkubwa alisema walikuwa wanataniana. Mdogo alinyamaza, na ukimya ule nikauhesabu kuwa ni kukubali. Nikawaambia wapeane mikono, wakumbatiane, tukasali pamoja Baba Yetu. Tulipofika penye "utusamehe makosa yetu" nilipaza sauti makusudi, wasikie vizuri. Yote yalichukua dakika kumi. Nilikwenda chumba cha walimu nikawasimulia wenzangu namna ya kumaliza mambo kwa roho ya Injili.

Wiki sita baadaye msichana mmoja wa darasa hilohilo alinisubiri mlangoni baada ya masomo, akaangalia nyuma yake mara mbili, akasema, "Mwalimu, wanamsamehesha."

Sikuelewa. Neno hilo sikuwahi kulisikia. Akanieleza. Kila siku walimbana yule mwenye kigugumizi nyuma ya kanisa, mmoja akamkunja mkono mgongoni, na mkubwa wao akasimama mbele yake akasema, "Nisamehe." Mtoto alitakiwa kujibu "nimekusamehe" bila kukwama. Akikwama, mkono unakunjwa zaidi na zoezi linaanza upya. Akifaulu, wanamkumbatia. Walipoulizwa na mwenzao mmoja kwa nini wanafanya hivyo, walijibu kwamba mwalimu wa nidhamu ndiye aliyesema wasameheane.

Mchezo ule ulitoka ofisini kwangu. Tangu siku hiyo sijaweza kuona watoto wawili wakilazimishwa kushikana mikono nikabaki nimetulia.

Mtu asinielewe vibaya. Msamaha ni moyo wa imani yetu na sitaki shule ya Kikatoliki isiyofundisha msamaha. Lakini nilirudi kwenye Injili ya Mathayo, sura ya 18, ile yenye saba mara sabini, nikaisoma tangu juu badala ya kuchomoa mstari mmoja. Fanya hivyo na wewe. Sura inaanza na Yesu kumwita mtoto na kumweka katikati yao. Inafuata onyo kali kuliko yote kuhusu anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa, lile la jiwe la kusagia shingoni. Anakuja mchungaji anayewaacha 99 kumtafuta mmoja. Halafu ndipo penye utaratibu wa kumkabili ndugu aliyekosa: kwanza faragha, akikataa uje na mmoja au wawili ili kila neno lithibitike kwa mashahidi, akikataa tena jambo lifike kwa kanisa. Swali la Petro kuhusu kusamehe mara ngapi liko mstari wa 21. Mimi niliruka mistari 20 nikatua pale. Na shule nyingi zetu zinaruka vilevile, kwa sababu mstari ule haugharimu kitu na hauhitaji kumwita mzazi yeyote mwenye cheo parokiani.

Kosa langu la pili lilikuwa kuuona uonevu kama ugomvi. Dan Olweus, aliyetafiti jambo hili shuleni huko Norway kwa miaka mingi, alitofautisha kwa alama tatu: nia ya kuumiza, kurudiwarudiwa, na nguvu zisizolingana. Wawili waliogombania mpira wanaweza kukalishwa pamoja, kila mmoja akasema lake, wakapatana. Anayeonewa ukimkalisha na anayemwonea, umemleta mbele ya mtu anayemwogopa ukamwomba aseme kweli huku akijua kwamba baada ya kengele watakutana bila wewe. Ndiyo maana yule mdogo alinyamaza.

Safari hii nilimwita kila mmoja peke yake, kwa siku tofauti, nikaandika kila nilichoambiwa na tarehe yake. Wale wengine waliokuwa wakimshika mkono walikiri upesi. Mkubwa wao alikana siku mbili. Walimu wenzangu waliniambia nitafute jeraha lake, kwamba kila mwonevu ameumizwa mahali. Nilitafuta kwa nia njema kabisa na sikulikuta. Alikuwa anapenda kuchekewa na wenzake, basi. Nasema hivi kwa sababu tukisubiri kumwelewa mwonevu ndipo tumzuie, tunamsubirisha mtoto anayekunjwa mkono.

Halafu nilifanya jambo ambalo hadi leo naona lina faida kuliko hotuba zote nilizowahi kutoa mstarini. Nilichora ramani ya shule kwenye karatasi, nikawapa watoto wa darasa la tatu hadi la saba, bila majina, watie alama mahali wanapoogopa. Alama zilirundikana sehemu tatu: chooni, nyuma ya kanisa, na uwanjani asubuhi kabla ya mstari. Hiyo ya tatu ilinichoma. Asubuhi kabla ya mstari ndipo sisi walimu wote tulipokuwa chumbani kwetu tunasali pamoja, mlango umefungwa.

Mtakatifu Yohane Bosco, padre Mwitalia aliyewalea vijana maskini, aliandika mwaka 1877 juu ya mfumo wake wa kuzuia, yaani wa kulea kwa kuzuia kosa kabla halijatokea, na nguzo zake ni akili, dini na upole wenye upendo. Watu wanakumbuka dini na upole. Wanasahau kwamba kwake kuzuia maana yake ni mlezi kuwapo, katikati ya watoto, hasa saa za mchezo. Mwaka 1884 aliwaandikia wenzake kutoka Roma akilalamika kwamba walezi wamejitenga na vijana uwanjani, na kwamba haitoshi vijana wapendwe, lazima wajue kuwa wanapendwa. Tuligawa zamu. Kila asubuhi walimu wawili walisali Rozari wakitembea uwanjani. Wapo waliolalamika kwamba ni kuvunja umoja wa sala. Mimi nasema sala inayowaacha watoto peke yao na mbwa mwitu ina kasoro.

Nije kwa watazamaji, maana hapa ndipo penye nguvu. Mwaka 1996 Christina Salmivalli na wenzake huko Ufini walionyesha kwamba uonevu darasani ni kazi ya kundi: yuko anayeongoza, wako wanaomsaidia, wako wanaochochea kwa kucheka, wako wanaojitenga, na wako wanaomtetea anayeonewa. Kwetu ilikuwa hivyo hasa. Wathe-wathe-wathe lisingeishi wiki mbili bila kicheko cha darasa zima. Yule msichana aliyekuja mlangoni kwangu alivunja kitu ambacho watoto wanakiogopa kuliko fimbo, kuitwa mchongezi. Kwa hiyo nilianza kuwafundisha tofauti: kuchongea ni kusema ili mwenzako apate shida, kutoa taarifa ni kusema ili mwenzako atoke kwenye shida. Niliwaambia hivyo katika kipindi cha dini na kwenye mikutano ya Utoto Mtakatifu, chama cha watoto wa Kanisa, na nilirudia mpaka walikuwa wanamalizia sentensi kabla yangu.

Jambo moja ambalo watu wengi hawalifikirii ni maungamo. Yule mdogo alikuwa ameyasema yote kwa padre, kitubioni, akiungama kwamba anamchukia mwenzake. Padre alifungwa na siri ya maungamo, ambayo kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inasema haivunjwi kwa vyovyote, na hakuweza kuniambia neno. Sikuyajua haya mpaka mtoto mwenyewe aliponisimulia. Walimu na makatekista, waelezeni watoto waziwazi: kinachokusibu kaseme pia nje ya kitubio, kwa mtu anayeweza kuchukua hatua. Na usimpeleke mwonevu kuungama ukadhani umemaliza kazi. Hata kitubio chenyewe kina malipizi ndani yake, yaani kurekebisha ulichoharibu. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili, hakuishia kusema nisamehe, alirudisha mara nne.

Mkubwa yule alirudisha. Alinunua madaftari kwa kazi aliyoifanya nyumbani, akanakili upya masomo yote yaliyolowa, kwa mwandiko mzuri, saa za mchezo, mbele ya mwalimu. Hakutakiwa kumkumbatia mtu wala kukutana na mwenzake. Uongozi wa watumikiaji nilimvua. Kutumikia altareni sikumnyima, kwa sababu sikutaka altare iwe fimbo. Wala sikumchapa, ingawa baba yake mwenyewe alinishauri nifanye hivyo. Mwalimu anayemchapa mtoto kwa kosa la kuwapiga wadogo anamthibitishia kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Mama yake alinijia juu: "Mwanangu anatumikia kila Jumapili, wewe unamwita mwonevu?" Nilimwambia nimeandika alichofanya, na siku gani, na sijamwita jina lolote. Maandishi yaliniokoa siku hiyo. Kuna wazazi waliokuja baadaye kuniambia nimeleta mambo ya haki za watoto yasiyo ya Kanisa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa mwaka 1989, kifungu cha 19 kinadai mtoto alindwe dhidi ya kila aina ya ukatili, na Kiti Kitakatifu chenyewe, yaani Vatikani, kiliuridhia mwaka 1990. Niliwaambia hivyohivyo.

Sasa wewe mama yangu. Usirudi shuleni na hasira tupu, rudi na karatasi. Andika tarehe, mahali, aliyefanya, aliyeona. Omba kuonana na mwalimu wa darasa kwanza, kisha mwalimu mkuu, na kila unapotoka hapo andika barua fupi ya kushukuru inayotaja mlichokubaliana na lini kitafanyika. Uliza nani anasimamia meza ya chakula. Uliza viatu vinavuliwa wapi na nani yupo pale. Usikubali binti yako akalishwe na wale watatu ili "wayamalize." Wakikutajia saba mara sabini, fungua Biblia uombe msome sura nzima, kwa upole, bila kumwaibisha Sista. Nyumbani, usimuulize mtoto kama amesamehe. Muulize leo alikula na nani. Na mwambie kwamba unamwamini, umwambie kesho tena, na keshokutwa.

Walimu wenzangu, ninyi nawaomba mtoke vyumbani. Tokeni. Dakika kumi zenu za kumaliza kesi mtoto anazilipa kwa miezi.

Yule mwenye kigugumizi hakubaki shuleni kwetu. Uonevu ulikoma kweli, nilihakikisha hivyo kila siku, lakini mwisho wa mwaka wazazi wake walimhamisha na sikuwa na neno la kuwazuia. Siku alipokuja kuchukua cheti chake cha kuhama nilimwita pembeni, nikachuchumaa tulingane kimo, nikamwambia kwamba siku ile ofisini nilimkosea mimi, sikumsikiliza, na ninamwomba msamaha. Aliniangalia kwa muda mrefu. Kisha akauliza, polepole, bila kukwama hata mara moja, "La-zima nijibu leo?"

Hapana, sasa nikumbuke vizuri. Alikwama, kwenye neno la kwanza, na nilisubiri. Nikamwambia si lazima, leo wala siku nyingine. Akaitikia kwa kichwa, akachukua mfuko wake, akamfuata mama yake getini.