Maswali ya Wasomaji: Nguvu ya Malkia Caroline ilitoka wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma historia ya Uingereza wakati wa George II. Kulikuwa na mfalme, Bunge na waziri mkuu, lakini nimekuta pameandikwa kwamba mtawala hasa alikuwa mke wa mfalme, Caroline. Alipata wapi nguvu hiyo na hakuwa na cheo? – Mwanafunzi wa kidato cha sita

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na msichana mwenyewe. Caroline wa Ansbach, Mjerumani, alizaliwa 1683, akafiwa na wazazi wote wawili akiwa bado mdogo. Alipochumbiwa na Charles wa Austria, aliyekuja kuwa Kaisari, alikataa kwa kuwa angelazimika kuwa Mkatoliki. Yatima anayekataa ndoa ya namna hiyo si mtu wa kuyumbishwa.

George aliporithi ufalme mwaka 1727 alitaka kumweka kando waziri mkuu, Robert Walpole, na kazi ampe mwanasiasa mwingine, Spencer Compton. Caroline aliona kwamba Walpole ndiye anayeliweza Bunge, akamtetea kwa mumewe. Ni kweli Compton alitaka malkia atengewe pauni 60,000 kwa mwaka na Walpole akampatia 100,000. Wapo wanaosema alihongwa. Mimi sikubali, kwa sababu walifanya kazi pamoja miaka kumi baada ya hapo. Walpole alizungumza kwanza na malkia. Wakishakubaliana, malkia alimdokezea mumewe jambo hilo kidogo kidogo, mpaka mfalme mwenyewe akalitoa kama wazo lake.

Hapo kwenye cheo nikusahihishe. George alipokwenda Hanover, nchi aliyoitawala Ujerumani, mara nne alimwachia Caroline nchi rasmi: 1729, 1732, 1735 na 1736. Safari ya mwisho ilikuwa ngumu. Kapteni John Porteous, ambaye askari wake walifyatulia umati risasi Edinburgh, Uskoti, alihukumiwa kifo. Caroline akaahirisha adhabu. Watu wakavunja gereza, wakamtoa na kumnyonga wenyewe.

Ila ningekuwa wewe, insha yangu ningeiandika juu ya ndui. Caroline aliwahi kuugua ndui, na binti yake Anne nusura afe kwa ugonjwa huo mwaka 1720. Mary Wortley Montagu, mke wa aliyekuwa balozi wa Uingereza Uturuki, alikuwa ameona huko watu wakichanjwa: unachukuliwa usaha wa mgonjwa, unatiwa kwenye mchanjo mdogo wa ngozi, mtu anaugua kidogo, kisha ndui haimrudii. Caroline aliunga mkono njia hiyo ijaribiwe London. Agosti 1721 walichanjwa wafungwa sita wa gereza la Newgate waliohukumiwa kifo, wanaume watatu na wanawake watatu, kwa ahadi ya kuachiwa huru. Wote walipona, wakaachiwa. Jambo hilo linaniumiza kila nikilifundisha, maana anayengoja kitanzi ana hiari gani ya kukataa? Baadaye wakachanjwa watoto yatima, na yeye mwenyewe alikuwa yatima.

Aprili 1722 akatoa binti zake wawili, Amelia na Caroline, wachanjwe. Njia hiyo iliweza kuua, naye alilijua hilo. Wasichana walipona, na familia za mabwana wakubwa zikaanza kupeleka watoto wao. Wakati huo alikuwa mke wa mrithi tu. Umalkia ulikuwa bado miaka mitano mbele.