Kutambua Mauntingi za Injini Zilizochoka Kabla ya Kufungua Bolti

Ninyi mnaoanza kazi gereji mtakutana mapema sana na mteja anayelalamika kwamba gari lake linatetemeka likiwa limesimama. Hapa Dar es Salaam malalamiko haya hayaishi, kwa sababu dereva hukaa kwenye foleni ya Mwenge au Tazara gia ikiwa kwenye D, mguu uko kwenye breki na kiyoyozi kinafanya kazi, na katika hali hiyo mauntingi dhaifu, yaani vile vishikio vya mpira na chuma vinavyoifunga injini kwenye gari, hujionyesha waziwazi. Hata hivyo, nawaomba msimtajie mteja mauntingi kabla hamjalipima gari. Mtetemo huzaliwa ndani ya injini. Mauntingi hubeba uzito wa injini hiyo na kuzuia mtetemo usifike kwenye bodi. Injini yenye hitilafu italitikisa gari hata ukiifungia mauntingi mpya zote, na mteja atakuwa amepoteza fedha yake bure.

Kwa hiyo anzeni na injini yenyewe. Iacheni ipate joto la kawaida, kisha mwangalie sailensa, yaani mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta: magari mengi madogo ya petroli hutulia kati ya mizunguko 600 na 800 kwa dakika. Ikiwa iko chini mno, au inapanda na kushuka, huenda throto, mlango wa kupitishia hewa ya injini, ni chafu. Ikiwa taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, au injini inakosa nguvu na kutikisika hata mkikanyaga pedali ya mafuta, chunguzeni plagi na koili kwanza, kwa kuwa hizo ni dalili za misi, yaani silinda kushindwa kuwaka vizuri. Kumbukeni pia kwamba injini ya silinda tatu, kama ile ya lita 1.0 ya Toyota Passo, kwa asili yake hutetemeka kuliko ya silinda nne, na si haki kumuuzia mwenye gari hilo spea kwa sababu ya tabia ambayo gari lilitoka nayo kiwandani.

Injini ikiwa nzima, linganisheni gia. Mtetemo unaosikika kwenye D na kupungua sana mkirudisha N, kisha kupotea mizunguko ikipanda kidogo, huelekeza kwenye mauntingi. Mlio wa kugonga wakati gia inapohamishwa kutoka D kwenda R huongeza ushahidi, ingawa bushi (mipira) za mikono inayoshika magurudumu ya mbele au draivu shafti (chuma kinachozungusha tairi) iliyolegea pia zinaweza kugonga, na ndiyo maana mlio peke yake hautoshi.

Baada ya hapo fungueni boneti. Wekeni vizuizi kwenye matairi, vuteni breki ya mkono, na fundi mzoefu akae ndani akiwa amekanyaga breki kwa nguvu. Anayetazama asimame pembeni, wala mtu yeyote asiwe mbele au nyuma ya gari. Katika hili sikubali mzaha hata kidogo. Aliye ndani aweke D, aguse pedali ya mafuta kidogo kwa sekunde moja au mbili, aachie, kisha afanye vivyo hivyo kwenye R. Asishikilie, kwa maana gia boksi ya otomatiki hupata joto haraka sana gari likizuiwa namna hiyo. Injini kujipinda kidogo ni jambo la kawaida, lakini ikiruka upande mmoja kwa zaidi ya sentimita mbili hivi, au ikirudi kwa kishindo, kuna mauntingi iliyokatika.

Kuitambua ni ipi kunahitaji macho na subira. Injini iliyokaa kwa upana, kama ya IST au Vitz, hushikwa na mauntingi tatu au nne, na mara nyingi ya upande wa kulia huwa na kimiminika ndani yake. Mkiona majimaji meusi yamechuruzika chini yake, imepasuka. Mpira wa kawaida utazameni kama una nyufa, umeachana na chuma au umelala upande mmoja. Mkikuta mpira umevimba na kulainika, tafuteni oili inatoka wapi, kwani gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) inayovuja huweza kuidondoshea mauntingi, na mpya nayo itaharibika vilevile. Mahali msipoona vizuri, tegemezeni injini kwa jeki yenye ubao mpana juu yake, kwa sababu sampu, bakuli la oili chini ya injini, hubonyea kirahisi, kisha sukumeni taratibu kwa mtaimbo mdogo na kuangalia kama mpira unaachia.

Mkienda Kariakoo au Ilala kununua, chukueni namba ya chesisi. Mauntingi ya mtumba siipendekezi, maana mpira huzeeka hata ukiwa umehifadhiwa stoo, na vipande vya tairi vinavyojazwa kwenye mauntingi iliyokatika huupeleka mtetemo wote moja kwa moja kwenye bodi. Kagueni pia zilizobaki, kwa sababu zilikuwa zinabeba mzigo wa mwenzao.

Wakati wa kufunga, ingizeni bolti zote kwa mkono kwanza, shusheni injini ikae kwa uzito wake, ndipo mkaze kwa kipimo cha mtengenezaji. Mkikaza injini ikiwa imeinuliwa, mpira hubaki umejipinda na mtetemo unaweza kubaki palepale. Kisha rudieni kupima mtetemo kwenye D, mteja akiwa ameketi ndani na kiyoyozi kimewashwa.