Tuifanye shule ya kata iwe ya wasichana tupu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mjumbe wa bodi ya shule ya kata huku Kilosa, shule yetu ni mchanganyiko na ya kutwa. Kila matokeo ya fomu foo yakitoka watu wanasema oneni shule za wasichana zinavyofaulisha, na sasa kuna hoja mezani tuibadilishe iwe ya mabinti tupu ili wafaulu na waache kuharibikia njiani. Kitaalamu inasaidia kweli au tunajidanganya?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Nianze na hayo matokeo maana ndo panapowapoteza wengi. Kipindi NECTA (Baraza la Mitihani) bado wanatangaza shule kumi bora (waliacha Januari 2023) ulikuwa unakuta St. Francis Girls ya Mbeya, Marian Girls, Feza Girls, basi watu wanahitimisha kwamba siri ni mabinti kukaa peke yao. Sasa Feza Boys na Marian Boys nao walikuwa wanaingia humohumo, na ukichungulia vizuri unaona kinachozifanya zifanane: usaili wa kuingia, ada, bweni, na mwalimu wa Fizikia yupo. Za serikali kama Kilakala na Msalato ndo kabisa, ni za vipaji maalum, zinapokea waliofanya vizuri sana darasa la saba. Ukipika mchele wa Kyela usiipe sufuria sifa zote.

Kupima shule yenyewe imeongeza nini lazima ulinganishe watoto walioingia wakiwa sawa, yaani chukua mabinti waliopata daraja lilelile darasa la saba, kwao hali inafanana, halafu uone fomu foo wametoka vipi, hawa wa shule ya wasichana na hawa wa mchanganyiko. Mwaka 2014 Pahlke, Hyde na Allison wa Marekani walikusanya tafiti 184 za nchi 21, wanafunzi kama milioni 1.6, na ikaonekana kwamba tafiti zisizochuja, yaani zisizolinganisha watoto walioingia wakiwa sawa, zinaipa ushindi shule ya jinsia moja, ila zile zilizochuja vizuri tofauti inabaki ndogo mno au haipo kabisa. Kwahiyo hoja ya "oneni matokeo" kama ndo imesimama peke yake mezani kwenu, mi ningeiondoa.

Ila usikimbie kuifuta ajenda, maana kuna kisa kinachowahusu nyinyi moja kwa moja, cha Trinidad na Tobago, nchi ya visiwa kule Karibiani. Kule watoto wanagawiwa sekondari kwa maksi za mtihani wa kumaliza msingi pamoja na shule walizochagua, hivyo mtafiti anaweza kulinganisha waliokaribiana kabisa maksi. Kirabo Jackson alifanya hivyo, na utafiti wake wa 2012 ukaonyesha wengi hawakufaidika chochote na shule ya jinsia moja, waliofaidika ni hasa wasichana ambao wenyewe waliitaka sana shule ya namna hiyo, na cha kushangaza mabinti kwenye shule za wasichana walisoma masomo ya sayansi machache zaidi. Lakini mwaka 2010 serikali yao ikachukua shule 20 za mchanganyiko zilizokuwa zinafanya vibaya ikazigeuza ziwe za jinsia moja, bila kumwaga hela mpya. Jackson akazifuatilia hizo nazo, na huko matokeo yakapanda, wavulana hata kukamatwa na polisi kukapungua, na kwa wasichana mimba za utotoni zikapungua. Hizo ni shule dhaifu za kawaida kama yenu, sio za vipaji, ndo maana siwezi kukwambia hoja yenu ni upuuzi.

Kinachonipa wasiwasi ni ramani. Trinidad na Tobago nchi nzima ni kama kilomita za mraba 5,100, ni ndogo kuliko wilaya yako ya Kilosa peke yake! Kule mvulana akitolewa shule hii anapangiwa nyingine. Kwenu kama kata ina sekondari moja, mkiwatoa wavulana wanaenda wapi, na nafasi zao mtajaza na mabinti wa kata jirani ambao watatembea kilomita ngapi asubuhi na jioni? Huyo anayemngojea binti njiani na pikipiki hajasajiliwa shuleni kwenu, kuwatoa wavulana darasani hakumgusi hata kidogo. Shule ya wasichana ya kutwa yenye safari ndefu inaweza kuwa mbaya kuliko mliyonayo sasa. Serikali yenyewe ilipoamua kupitia SEQUIP (mradi wa kuboresha elimu ya sekondari) kuweka shule ya wasichana ya sayansi kwenye kila mkoa, zile 26, ilijenga mpya na ikaweka bweni. Kwahiyo kama hamna hela ya bweni, hoja yenu kwa sasa haina miguu, na kama hela ipo basi jengeni hosteli ya mabinti hapohapo kwenye shule ya mchanganyiko kwanza mwone.

Halafu usawa wa mabinti na wavulana mnaupima kwa kipimo gani? Divisheni peke yake inadanganya. Ingia kwenye matokeo ya shule yenu, NECTA wanaonyesha kila mtahiniwa jinsia yake na alama ya kila somo, kaeni na mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma mhesabu mabinti wangapi walifanya Fizikia na Kemia, wangapi walipata hata D ya Hesabu, na mlinganishe na idadi ya waliosajiliwa fomu wani miaka minne nyuma. Hiyo ya mwisho ndo inauma, maana aliyeacha shule fomu tuu haonekani kwenye ufaulu. Na msijidanganye kwamba wavulana wakiondoka Fizikia itapanda yenyewe, kama mwalimu wa Fizikia hamna basi mtakuwa na shule ya wasichana ambayo wote wanasoma Historia na Uraia, ni yaleyale ya Trinidad.

Kuna mambo ya kufanya muhula huu bila kumfukuza mtu. Vyoo, kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20, hesabuni yenu, na muangalie kama kuna maji na pa kubadilishia taulo za kike. Kwenye maabara wekeni makundi ya mabinti tupu kwa praktiko, maana kwenye makundi mchanganyiko nimeona mara nyingi mvulana ndo anashika bureti na binti anaandika rekodi tu. Nani anamchotea maji mwalimu, nani anafagia ofisi, ni mabinti tu? Na aliyejifungua, ambaye tangu mwishoni mwa 2021 anaruhusiwa kurudi, je kwenu amesharudi hata mmoja, na akirudi nani anampokea?

Kabla ya kupiga kura itisheni mabinti wa fomu tuu na fomu three peke yao na matroni, bila wazazi, bila mkuu wa shule, waandike kwenye karatasi bila majina wanataka nini na kwanini. Karatasi hizo zisomwe kwenye kikao kabla mjumbe yeyote hajaongea.