Kompyuta ya majaribio iwekee siku ya kufa

Kijana mmoja aliyeajiriwa juzijuzi kwenye hoteli kubwa huko Bagamoyo ameniandikia: "Kaka, kompyuta za mapokezi zina maandishi chini kulia, siku zinapungua kila nikiangalia. Bosi anasema niachane nazo."

Usiachane nazo, mdogo wangu. Hilo ni toleo la majaribio. Windows Enterprise (ile ya makampuni) ya majaribio hudumu siku 90, Windows Server (ile ya seva, kompyuta inayohudumia nyingine) siku 180. Muda ukiisha picha ya nyuma kwenye kioo inageuka nyeusi na mashine inajizima kila baada ya saa moja. Microsoft wanaitoa bure ujaribu programu zako kabla hujanunua, si uendeshee ofisi.

Mimi nilikuwa msaidizi wa IT kwenye kiwanda kimoja hapa Tanga, jina nalihifadhi. Tulipiga Windows ya majaribio kwenye kompyuta chache tuone kama programu ya mizani ya malori itakubali. Ikakubali. Nikaandika barua pepe kwamba kompyuta hizo zifutwe kabla Juni haijaisha. Mkubwa wangu akajibu neno moja: "Sawa." Basi. Kompyuta ya getini ilipokufa, mtu akachukua moja ya zile zetu akaichomeka kwenye mizani. Hakuuliza mtu.

Siku yake ilipofika, foleni ya malori ilifika barabarani. Madereva honi, karani anapima, mara kioo hicho kimezima. Mwenzangu mmoja, anajiona mjanja, akarudisha tarehe nyuma. Haikusaidia kitu. Risiti za mizani zikatoka na tarehe ya mwezi uliopita, mhasibu akazikataa zote. Mafaili ya kwenye seva nayo yakagoma kufunguka, maana kwenye Active Directory, mfumo wa Windows unaosimamia akaunti na kompyuta za ofisi, saa yako ikipishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, kwa kawaida unakataliwa.

Kwenye kikao nikaulizwa mimi: "IT mlikuwa wapi?" Nikafungua ile barua pepe. Kimya, hata pole sikupewa. Akaletwa mtaalamu kutoka Dar, akapiga Windows upya, akalipwa vizuri, kisha akapendekeza kompyuta za majaribio ziwekewe tarehe ya mwisho. Akapigiwa makofi! Mimi nimesimama nyuma nimemshikia kebo.

Sasa sikilizeni. Tarehe ya Microsoft si tarehe yako. Weka ya kwako, wiki mbili kabla ya ile yao, na uiweke siku ileile unayopiga Windows. Iandike kwenye jina la kompyuta lenyewe, kama JARIBIO-30JUNI. Jina lisizidi herufi 15. Kisha akaunti ya kuingilia kwenye mashine hiyo uipe siku ya kwisha ndani ya Active Directory, sehemu ipo. Siku hiyo ikipita, aliyeiiba kwa matumizi ya kila siku atakuja mwenyewe kukutafuta, na wewe bado una wiki mbili mkononi. Kujua Microsoft wamebakiza muda gani, andika slmgr /xpr kwenye kisanduku cheusi cha amri.

Kuna amri ya kuongeza muda, slmgr /rearm, na najua mtaikimbilia. Ina kikomo, na kazi yake kubwa ni kukusahaulisha. Wala usidhani utaingiza namba ya leseni ya kampuni mambo yaishe: Enterprise ya majaribio haigeuzwi kuwa ya kudumu, unapiga upya kila kitu. Server ndiyo inageuzika kwa DISM, amri nyingine ya Windows, ila kama imeshafanywa domain controller, yaani seva inayoendesha hiyo Active Directory, uishushe kwanza cheo hicho.

Vijana, tunapenda mno kusifiwa kwamba "imekubali", tukishasifiwa tunaondoka. Kazi ya majaribio haijaisha mpaka umefuta. Weka tarehe, narudia, weka tarehe! Na bosi akisema "iache tu, si inafanya kazi?", mwombe kwa adabu akuandikie hivyo kwa barua pepe, ajibu kwa sentensi nzima.