Kabla hujalipia "kipimo cha damu cha fangasi" soma hapa kwanza

Jana dada mmoja kaniandikia inboksi, fangasi za ukeni zinamrudia kila mara, sasa kuna jamaa ana mashine ya kushika kichuma mkononi kamwambia fangasi zimeingia kwenye damu alipie dawa ya kusafisha. Nilimjibu kwa ukali kidogo, anisamehe, ila hili linanigusa kwa sababu kipimo cha damu cha fangasi cha ukweli kipo na ndicho kilichomwokoa mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa ameacha ARV muda mrefu, akaanza kuumwa kichwa. Zahanati wakampa dawa ya malaria, kichwa kipo, wakasema taifodi, sindano, kichwa kile kile, na nesi mmoja akasema mbele ya watu huyu ana mawazo tu. Hilo neno sijalimeza mpaka leo. Nikakodi bajaji mpaka hospitali kubwa, CD4, yaani seli za kinga, zikarudi chini ya 100, dokta akasema hapa lazima tupime CrAg, ndicho kile kipimo cha damu cha fangasi cha ukweli. Damu kidogo tu, kijikaratasi kama kile cha mimba, dakika 10 mistari miwili imesimama. Fangasi huyo anaitwa kriptokokasi, yupo kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, tunamvuta kwa pumzi wote, kinga ikishuka ndio anapanda kwenye ubongo.

Wakataka kutoa maji ya uti wa mgongo na hapo ukoo ukawaka, baba mdogo anasema atapooza, nikasaini mimi. Maji yakatoka kwa presha na kichwa kikapungua siku hiyo hiyo! Dripu zikafuata, halafu vidonge vya fangasi vya flukonazo miezi na miezi. Leo anachomelea mageti Mbagala, na baba mdogo anasimulia kama yeye ndiye aliyesaini.

Sasa dada yangu, za ukeni hazipimwi kwenye damu, wanachukua ute kwa pamba wanaangalia kwa hadubini, na mba au mabaka ya ngozi wanakwangua tu. Damu ya kupima wewe ni ya sukari na HIV, maana sukari na HIV zinaweza kufanya fangasi zirudi. Candida, yaani huyo fangasi wa ukeni, akiingia kwenye damu kweli kweli unakuwa mahututi wodini, hutembei mtaani kutafuta mashine, na hata kuotesha damu maabara kunamkosa kwa karibu nusu ya wagonjwa.

Na nyie wenzangu mnaoishi na virusi au mna ndugu, sikilizeni. CD4 ikiwa chini ya 100, hata chini ya 200, ulizia CrAg kabla kichwa hakijaanza, kwa sababu fangasi huyu anaonekana kwenye damu wiki kadhaa mapema na hapo unaweza kuwahiwa kwa vidonge kama hajafika kwenye ubongo. Kichwa kikishaanza usikubali malaria ya kubahatisha, ulizia. Ulizia tena. Madokta wazuri hawakasiriki, wanaokasirika wahame.

Halafu ukishatibiwa usikimbilie kurudia CrAg. Sisi tulirudia kwa kiherehere, mistari miwili ile ile, mama akalia siku nzima bure, kumbe inaweza kukaa miezi mingi hata dawa ikiwa imefanya kazi, kujua kama mgonjwa anapona dokta anaangalia hali yake na maji ya mgongo, sio kile kijikaratasi.