Kabla ya kumtafuta mteja mpya, mpigie wa zamani

Oda zikipungua, wengi wetu wenye biashara ndogo hukimbilia mambo mawili: kulipia tangazo mtandaoni au kushusha bei. Mimi nafanya kazi ya uchapaji, na miaka niliyokaa kwenye kazi hii imenifundisha kuyaweka yote mawili nyuma. Kwanza nafungua daftari la wateja. Mtu aliyekwisha kukulipa anajua ulipo, ameuona mkono wako, na hana shaka kama utamtoroka na kianzio chake. Mgeni ana shaka zote hizo, na ni wewe unayegharamia kuziondoa, ama kwa fedha ya tangazo ama kwa kujibu maswali mchana kutwa.

Daftari lenyewe liwe na maana, lakini. Majina na namba za simu pekee hazitoshi. Langu linaonyesha kazi aliyofanyiwa mtu, aina ya karatasi, idadi, tarehe aliyochukua, na mwishoni kuna safu ninayoithamini kuliko zote: itamwishia lini. Mteja anapochukua vitabu vya risiti namuuliza palepale, "Kitabu kimoja unakitumia kwa muda gani?" Huwa anajibu bila hata kufikiri. Nazidisha kwa idadi ya vitabu, napata mwezi wa kumpigia. Simu napiga wiki mbili tatu kabla, na maneno yangu ni machache: "Habari za kazi, bosi. Vile vitabu vya risiti nahisi vinaelekea kuisha. Mmefikia namba ngapi, ili vipya tuviendeleze kutoka hapo?" Ili anijibu, inabidi akafungue kabati aangalie, na akishafungua anaona mwenyewe vimebaki vingapi. Mara nyingi oda inatoka kwenye simu hiyohiyo.

Usiniambie kwamba hiyo inafaa uchapaji tu. Nguo ya kazi inachakaa, mashine inahitaji kufanyiwa huduma, chupa ya mafuta ya nywele inafika mwisho, mtoto anarefuka na sare inambana. Kila unachouza kina muda wake, na wewe unayekiuza ndiye unayeujua vizuri zaidi. Kitu ambacho hakifanyi kazi ni ule ujumbe mmoja wa "Ndugu mteja wetu mpendwa" unaorushwa kwa watu wote kwa mpigo. Anayeupokea anajua fika kwamba hakuandikiwa yeye.

Kuna msemo tunaoupenda sana: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye biashara ndogo msemo huu unawaumiza mafundi hodari. Nawajua watu wenye kazi safi kabisa waliokaa wakisubiri isifiwe, huku wenye kazi ya wastani wakipiga simu na kupata oda. Kizuri nacho kinatakiwa kutembezwa. Na anayekitembeza vizuri kuliko wote ni mteja aliyeridhika, ila naye anahitaji kuombwa. Ninapokabidhi mzigo na kuona uso wa mtu umefurahi, namwomba hapohapo: "Kama kuna mwenzako anayehitaji kazi kama hii, mpe namba yangu." Nikisubiri wiki ipite, furaha ile inakuwa imeshapoa.

Kila mteja mpya namuuliza, "Umetujuaje?" na jibu naliandika. Bila hilo, fedha ya matangazo inatoka kwa kubahatisha. Posti inaweza kupata mamia ya laiki isilete hata mtu mmoja wa kulipa, na kibao kidogo cha nje ambacho hukitilii maanani kikawa ndicho kinacholeta watu.

Sasa niseme kuhusu punguzo, maana hapa ndipo biashara nyingi zinapotobolewa kimyakimya. Chukua kitu unachokiuza 100 kikiwa kimekugharimu 70. Faida yako ni 30. Ukiuza 10, umebaki na 300. Tangaza punguzo la asilimia 10: unauza 90, faida inabaki 20, na ili upate ile 300 lazima sasa uuze 15. Yaani kazi imeongezeka kwa nusu nzima, kwa faida ileile. Punguzo likifika asilimia 20, faida ni 10, na itabidi uuze 30. Mara tatu! Jiulize kama una mikono, mashine na saa za kufanya kazi mara tatu, halafu jiulize kama punguzo hilo kweli litaleta wateja mara tatu. Hesabu hiyohiyo igeuze upande wa pili: ukipandisha bei hadi 110, faida inakuwa 40, na hata ukipoteza robo ya mauzo bado unabaki na 300 yako, tena ukiwa umefanya kazi pungufu.

Wengine huteleza kwenye asilimia zenyewe. Umenunua kwa 100, ukaongeza asilimia 30, unauza 130. Unajiona una nafasi ya kupunguza asilimia 25 na bado ukabaki na chochote. Asilimia 25 ya 130 ni 32.5. Umeuza 97.5, chini ya ulivyonunua.

Kwa hiyo nikiulizwa "bei ya mwisho?" napunguza kazi, bei ya kila kitu nailinda. "Kwa bajeti hiyo, tutumie karatasi nyepesi kidogo na rangi moja badala ya rangi zote." Au tunaacha laminesheni, ule utando wa plastiki wa juu. Mteja anachagua mwenyewe, hajisikii amefukuzwa, na anaelewa kwamba bei yangu imetokana na vitu, sikuiokota hewani. Wengi wakishaona sampuli mbili zimelala mezani pamoja, wanarudi kwenye ile ya kwanza na kulipa bei yake.

Ili uweze kusema hivyo kwa ujasiri, lazima uijue gharama yako halisi. Mwaka 1772, mikopo ilipokauka na biashara kuyumba Ulaya, mfinyanzi maarufu wa Uingereza, Josiah Wedgwood, aliketi kutafuta kila chombo kinamgharimu kiasi gani. Aliona kwamba gharama kadhaa, kama za kuchora miundo na kutengeneza kalibu, hazibadiliki sana atengeneze vyombo vingi au vichache. Uchapaji uko vilevile. Kusanifu kadi na kuandaa mashine kunachukua muda uleule, uwe unachapa kadi 50 au 1,000. Ndiyo maana kadi 50 bei yake kwa kadi moja iko juu, na namweleza mteja hivyo bila kona. Saa zangu za kazi nazo ziko ndani ya hesabu. Anayejilipa kwa "kitakachobaki" hawezi kujua kama biashara inamlisha au yeye ndiye anayeilisha.

Kuhusu madeni nitakuwa mkali. Unaweza kuwa na faida nzuri kwenye daftari na ukashindwa kununua karatasi kesho, kwa sababu faida yote iko mifukoni mwa watu. Kwangu kazi haianzi bila kianzio kinachotosha angalau malighafi, kwa ndugu na kwa jirani pia. Ndugu ndio wagumu, nakiri, lakini sheria ikiwa ya watu wote hakuna anayeona kaonewa. Kampuni zinazotaka mali kauli, yaani zichukue mzigo sasa na kulipa baadaye, nazichagua kwa uangalifu: nauliza nani anaidhinisha malipo na yanatoka siku gani, kabla sijakubali oda. Ankara inaondoka na mzigo siku hiyohiyo, ikiwa na tarehe kamili ya kulipa. "Mwisho wa mwezi" haitoshi, kwani haijulikani ni mwezi upi. Siku mbili kabla ya tarehe natuma ujumbe wa adabu kuulizia kama ankara imefika mezani kwa mhasibu, na tarehe yenyewe ikipita, asubuhi yake napiga simu.